Hodhi la Zege la Nyumba ya Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mwiko wala jiwe. Nilipewa koleo lenye mpini mrefu, nikaonyeshwa shimo lililojaa mawe meupe yaliyochomwa tanuruni, nikaambiwa nimwage maji na kukoroga. Hapo palikuwa Kilimatinde, Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakiongeza vyumba katika boma lao. Mimi naitwa Isa bin Ramadhani, Mrangi wa Kondoa. Nilikuwa nimeteremka kutoka milimani kwetu na nguo moja mwilini na nyingine begani, natafuta kazi isiyotegemea mvua.

Nilipomwaga debe la kwanza, shimo likaanza kutokota kama chungu cha uji. Nikainama nione vizuri. Mkono ukanikamata ukosi wa kanzu, ukanivuta nyuma hadi nikakaa chini.

"Usiinamie shimo!" alisema mwenye mkono. "Chokaa haijui mama yako anaitwa nani."

Huyo alikuwa Fundi Hamisi, mwashi wa Pangani, mtu mfupi mwenye jicho moja jekundu. Jicho lile lenyewe liliunguzwa na chokaa alipokuwa na umri kama wangu. Kazi niliyopewa inaitwa kuzima chokaa. Jiwe lililochomwa lina kiu. Ukilipa maji linachemka, likipoa linakuwa uji mweupe wa kushikanisha mawe. Lisipozimwa sawasawa, punje zilizobaki na kiu huja kupasua lipu ukutani baada ya miezi, na wakati huo mwashi ameshakwenda zake. "Ameshakwenda, lakini jina lake limebaki ukutani," Fundi Hamisi alisema.

Nilikoroga chokaa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa mwiko. Baadaye nikajifunza timazi, ile kamba yenye risasi inayokuambia kama ukuta umesimama wima au umelewa, na pimamaji, kile kipande cha mbao chenye kichupa, ambacho povu lake likikaa katikati ujue umelala sawa. Vijana wa leo mnavikuta vitu hivi dukani. Sisi pimamaji lilikuwa moja kituo kizima, na lilikaa mfukoni mwa Fundi Hamisi kama tasbihi.

Kutoka Kilimatinde tulipelekwa Mpwapwa, na huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza hodhi la kuogea la Mzungu. Kwetu mtu huoga kwa kata na maji ya mtungi, akajimwagia, basi. Wenzetu walitaka kujilaza majini mwili mzima. Bwana mkubwa wa kituo kile aliagiza seremala amtengenezee hodhi la mbao za mninga, na seremala akalitengeneza likapendeza kama jahazi dogo. Masika lilikaa vizuri. Kiangazi kilipoingia na upepo mkavu wa Ugogo ukaanza kuvuma, mbao zikanyauka, maungio yakaachana, na bwana mkubwa akajikuta amekaa kwenye hodhi tupu, sabuni kichwani. Seremala alipakwa lawama zote. Mimi nilitazama tu, sikujua kwamba siku moja nitaihitaji kumbukumbu hiyo.

Fundi Hamisi alirudi kwao Pangani kwa sababu ya macho, na mimi nikahamishiwa Dodoma nikiwa mwashi kamili. Reli ilikuwa imekwisha fika. Mahali palipokuwa na nyumba chache za tembe na mawe makubwa pakawa na stesheni, maghala, maduka ya Wahindi, na nyumba ya wagonjwa. Nyumba hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mkuu wa nyumba ya wagonjwa alikuwa daktari Mdachi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusema Kiswahili polepole kana kwamba kila neno analipima. Sisi tulimwita Bwana Daktari. Mkuu wangu mimi alikuwa Bwana Mjenzi, msimamizi wa majengo, ambaye hakuwa mpole hata kidogo. Alitembea na rula ya mbao ya kukunjwa, na alipokasirika aliikunja na kuikunjua, ta-ta-ta-ta, hata ukisikia mlio ule ukutani kwa upande wa pili unajua leo kuna mtu amekosea.

Katika nyumba ile kulikuwa na chumba cha kuogea chenye hodhi la bati. Halikuwa la anasa. Wajenzi wa reli na askari walikuwa wakiletwa na homa kali, wengine wamepigwa na jua mpaka wanaweweseka, na Bwana Daktari alikuwa akiwalaza majini ili kuwashusha joto. Alisema dawa yake ya kwanza ni maji, kwinini inafuata. Lakini visima vya Dodoma vina maji ya chumvichumvi, na chumvi ilikuwa imekula lile bati mpaka chini pamekuwa kama chekecheke. Maji yalivuja, yakaingia kwenye ukuta wa matofali mabichi, ukuta ukavimba na kuanza kumong'onyoka. Siku moja kipande kikubwa kama mlango kilianguka ndani ya chumba. Kwa bahati hapakuwa na mgonjwa.

Ndipo ikaamriwa chumba chote kijengwe upya: ukuta wa mawe, sakafu yenye mteremko, mfereji wa kupeleka maji machafu nje, na hodhi jipya. Kazi nikapewa mimi. Ukuta na sakafu havikunisumbua. Tatizo lilikuwa hodhi liwe la kitu gani.

Bwana Mjenzi alikuwa ameshaamua. "Hodhi la chuma," aliniambia. "Chuma chenye kauri nyeupe, kama sahani. Linatoka Ulaya. Wewe kazi yako ni kulipokea na kuliweka."

Likaja kwa reli. Lakini siku ile njia ilikuwa imeharibika mbele, gari moshi likasimama Ihumwa, na mizigo ikashushwa huko. Nikatumwa na watu sita na mkokoteni wa ng'ombe. Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile. Lilikuwa jeupe, linang'aa, lina miguu minne kama ya simba, na uzito wa fahali. Tulilifunga kwa kamba na majani, tukaondoka.

Tulipofika kwenye korongo, niliwaambia wenzangu tulishushe, tulivushe kwa mikono. Wakasema limetuchosha, korongo ni kavu, tuvuke nalo hivyo hivyo. Nami nikakubali. Ndugu zangu, nasema kweli: nikakubali. Gurudumu la kushoto likaingia kwenye mchanga, mkokoteni ukalala ubavu, kamba ikakatika, na hodhi likabiringika mara moja tu mpaka kwenye jiwe. Lilitoa mlio kama kengele ya kanisa. Tulipoligeuza, kauri ilikuwa imepasuka kuanzia kichwani hadi miguuni, ufa mweusi katikati ya weupe wote ule, na vipande kama kucha vimebanduka.

Sikumbuki tulivyofika Dodoma. Nakumbuka ta-ta-ta-ta ya rula.

"Nani alikuwa mkubwa wa safari?" Bwana Mjenzi aliuliza.

"Mimi, bwana."

"Hamsa ishirini," akasema, na kumwita askari.

Enzi zile hamsa ishirini halikuwa neno la mchezo. Ni viboko ishirini na vitano, na niliwaona wanaume wazima waliokuwa hawawezi kukaa wala kulala chali kwa majuma. Askari alikuwa ameshanishika mkono Bwana Daktari alipotoka kwenye baraza. Alilitazama hodhi, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akakitazama kidole chake kilichochanika.

"Hili halifai tena," alisema. "Litakata ngozi za wagonjwa, na uchafu utakaa humu. Tena kwa maji yetu haya, chuma kitaoza upesi."

"Tutapaka rangi," Bwana Mjenzi akasema.

"Rangi itabanduka. Agiza jingine."

"Jingine ni miezi. Pengine mwaka."

Bwana Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ni mwashi. Kama chuma hakuna, hodhi laweza kuwa la nini?"

Mkono wa askari ulikuwa bado kwenye mkono wangu, lakini swali lilikuwa la kazi, na swali la kazi mtu hulijibu. Nikamwambia bati tumeliona mwisho wake. Nikamsimulia hodhi la mninga la Mpwapwa lililokauka na kuachana. Nikasema jiwe la kuchonga ni zuri, mawe tunayo tele, lakini jiwe la hapa ni gumu na litachukua muda kuliko huo wa kuagiza. Kimebaki kitu kimoja.

"Zege," nikasema. "Simenti, mchanga wa mtoni uliooshwa, na kokoto ndogo. Ndani tunasiliba niru, laini kama yai. Chumvi hailili, wala upepo hauliachanishi."

Bwana Mjenzi alicheka. "Zege katika nchi hii kavu? Litapasuka kabla halijakauka. Umejenga mahodhi mangapi ya zege?"

"Hata moja, bwana. Nimejenga tangi moja, chini ya Fundi Hamisi."

"Tangi!"

"Halikuvuja, bwana."

Bwana Daktari akasema kwa upole wake, "Ukimpiga leo, nani atanijengea hodhi kesho?"

Rula ikakunjwa. Bwana Mjenzi akanisogelea mpaka nikanusa tumbaku yake. "Jenga. Tutalijaza maji hadi alama, tutaliacha kutoka asubuhi hadi asubuhi. Maji yakishuka, utalipwa viboko vya lile na vya hili. Hamsini."

Askari akaniachia. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Kikuyu, nikamweleza mke wangu Zuhura. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi lijenge lisivuje."

Sasa niwaambie kuhusu Mama Mchiwa, maana bila yeye nisingekuwa na hadithi, ningekuwa na makovu tu. Alikuwa Mgogo, mjane wa makamo, na kazi yake ilikuwa kuchota maji ya nyumba ya wagonjwa. Kisima kilikuwa mbali, bondeni. Alipanda na debe kichwani asubuhi yote, shingo imenyooka kama timazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku niliyoanza kuchora chini umbo la hodhi kwa mkaa, alitua debe, akasimama ananitazama.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokota.

"Mbukwa, mwanangu. Hicho ni nini, kaburi?"

"Hodhi, mama."

"Ni kubwa." Akalizunguka. "Lile la bati lilikuwa debe kumi na sita. Hili lako?"

Nikapiga hesabu. "Ishirini. Ishirini na moja."

"Na nani atazibeba?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimenakili vipimo vya lile la Ulaya, ambako nasikia maji hutoka kwenye bomba ukutani. Mama Mchiwa akaniambia kwamba miaka yote miwili ya lile bati kila asubuhi alikuwa akileta maji, na kabla mgonjwa hajatolewa, robo yake ilikwisha potelea chini. "Nilikuwa naibebea ardhi maji," alisema. "Mgonjwa alipata yaliyobaki."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alilala chini, pale pale kwenye mchoro, mikono kifuani, kama mgonjwa. "Tazama," akasema. "Mabega ni mapana, miguu ni myembamba. Huku chini unamwekea nani maji yote haya?"

Nikafuta mchoro. Nikachora mwingine, mpana mabegani na unaopungua kuelekea miguuni, chini pamekuwa duara badala ya pembe. Nikapiga hesabu tena: debe kumi na mbili. Bwana Daktari alipouona alisema ni bora, na chini pakiwa duara ni rahisi kupasafisha. Bwana Mjenzi alisema linafanana na jeneza, lakini hakukataza.

Nikaanza kazi. Simenti wakati ule ilikuja kwenye mapipa ya mbao, na kila pipa nililipekua kwa mkono, maana iliyopata unyevu hufanya madonge na haishiki. Mchanga niliuosha mara tatu. Nilijenga kiunzi cha mbao, yaani lile umbo la kushikilia zege mpaka ligande, nikasuka ndani yake waya kuukuu wa simu nilioombewa na Bwana Daktari, ili zege liwe na mishipa. Tukamimina kwa siku moja bila kupumzika, kwa sababu zege likimiminwa leo nusu na kesho nusu, hapo kwenye maungio ndipo maji hupata njia. Kiunzi kilipotoka, nikasiliba lipu, na juu ya lipu nikapiga niru: simenti tupu iliyokorogwa na maji, unaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka uso unang'aa na mkono unakufa ganzi.

Bwana Mjenzi alikuwa amesema kweli kwa jambo moja. Zege halitaki kukauka, linataka kukomaa, na mambo hayo mawili ni tofauti. Linapokomaa linahitaji unyevu, nusu mwezi au zaidi, kama mzazi anavyohitaji uji. Likinyimwa maji linapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Na tulikuwa kiangazi, upepo unavuma kutwa, visima vimeshuka, na kuna askari kisimani anahesabu madebe. Nilifunika hodhi kwa magunia, lakini magunia yanyweshwe kwa maji gani?

"Nitaleta," Mama Mchiwa alisema.

"Mama, hawatakuruhusu kuchota zaidi."

"Sitachota zaidi. Maji ya kusuuzia vyombo vya daktari humwagwa kila siku. Ya kuoshea mboga humwagwa. Hayana sabuni. Mimi ndiye niyamwagaye, na hakuna aliyeniambia niyamwage wapi."

Siku kumi na nane aliyamwaga kwenye magunia yangu, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Alikuwa akipita anagusa gunia kwa kiganja kama anayepima mtoto homa, akisema "bado" au "limekauka huku." Sijui kama alinionea huruma mimi au shingo yake mwenyewe. Sikumuuliza.

Siku ya kulijaribu ikafika. Bwana Mjenzi mwenyewe alichora mstari mwekundu ndani ya hodhi kwa penseli yake, Mama Mchiwa akamimina debe kumi na mbili, maji yakagusa mstari sawasawa. Chumba kilikuwa hakijawekwa mlango wala dirisha. Mashimo yalikuwa wazi na upepo unapita humo kama njia yake. Nilikaa pale mchana kutwa nikilichungulia kwa chini, nikipapasa sakafu. Kavu. Nikaenda nyumbani nimefarijika, nikala nikashiba.

Asubuhi yake tulikusanyika: Bwana Mjenzi, Bwana Daktari, mimi, na Mama Mchiwa mlangoni na debe lake. Nikatazama ndani. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Si mengi, nusu ya upana wa kidole. Lakini yalikuwa yameshuka.

Ta-ta-ta-ta. Akapima. "Limevuja."

"Bwana, sakafu ni kavu," nikasema. "Gusa chini."

"Maji yamepungua. Yamekwenda wapi? Yameruka?"

Nikapapasa sakafu tena. Naapa nililijua zege langu, lakini macho yangu mwenyewe yalikuwa yananishuhudia vibaya. Bwana Daktari alikuna kidevu. Bwana Mjenzi akamwita askari.

"Yamenywewa," Mama Mchiwa akasema kutoka mlangoni.

Wote tukageuka. Hakuwahi kusema mbele ya wakubwa wale.

"Na nani?" Bwana Mjenzi akauliza.

"Na upepo, bwana. Mimi nimechota maji tangu sina meno mawili. Mtungi usipoufunika wakati huu wa mwaka, kesho umepungua, na mtungi haujatoboka." Akatua debe. "Weka karai kando ya hodhi. La chuma, zima. Tia maji, piga mstari. Kesho tazama yote mawili."

Nilimwona Bwana Daktari anaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbushwa jambo alilolijua. "Ni kweli kabisa," alisema. "Ni jaribio zuri. Kesho."

"Kesho," Bwana Mjenzi akakubali, kwa shingo upande.

Karai likaletwa. Bwana Daktari mwenyewe alilikagua kwenye mwanga kama lina tundu. Likajazwa, likapigwa mstari, na hodhi likajazwa tena hadi mstari wake. Siku ile haikutaka kwisha. Niliambiwa nijenge mfereji wa nje, nikaujenga, lakini mawe niliyoyapanga asubuhi ilibidi niyapangue alasiri, yalikuwa yamepinda yote. Zuhura alinilazimisha kula. Nilikuwa nawaza: hodhi ni la zege, karai ni la chuma, kubwa na dogo, je, upepo unakunywa sawa? Mama Mchiwa hakuwa amejaribu kwa rula. Alijua tu kwa mitungi.

Kulipokucha nilikuwa wa kwanza kufika, lakini sikuthubutu kuingia. Nilisimama nje nikitazama mawe yangu niliyoyapangua mpaka wakubwa walipokuja. Bwana Daktari akatoa kijiti cha kiberiti, akakitumbukiza kwenye karai kuanzia mstari hadi usoni mwa maji, akakikata kwa kucha pale kilipoishia. Kisha akakipeleka kwenye hodhi.

Kikalingana.

Bwana Mjenzi akakichukua kile kijiti, akapima mwenyewe kwanza karai, kisha hodhi, kisha karai tena. Akapiga magoti, suruali nyeupe na yote, akapapasa chini ya hodhi, mgongoni mwake, pande zote. Mkono ulitoka mkavu, una vumbi. Akasimama, akakunja rula yake mara moja tu, taratibu, akaitia mfukoni.

"Haya," akaniambia. "Weka mlango."

Ni hayo tu. Hakuomba radhi, wala sikutegemea. Alipoondoka na askari wake nilikaa chini, mgongo kwenye hodhi lile la baridi, nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, nikajifuta uso kwa gunia lenye maji. Mama Mchiwa alikuwa ananitazama.

"Mama," nikamwambia, "je, kama ungekosea?"

"Kuhusu upepo?" Akanyanyua debe lake. "Mwanangu, nina miaka mingi nauzidi upepo mbio. Simama, umekalia njia yangu."

Mgonjwa wa kwanza aliletwa kabla hata mlango haujakauka rangi. Alikuwa Mnyamwezi, mjenzi wa reli, jitu la mtu, ameanguka juani, mwili unachoma kama jiko na anaita watu ambao hawakuwapo. Tulimlaza wanne. Mabega yakaingia sawasawa, miguu ikakaa mahali pake, na maji ya debe kumi na mbili yakamfika shingoni. Zege lenyewe lilikuwa baridi, jambo ambalo mimi sikuwa nimelipangia. Bwana Daktari alisema chuma kingepata joto upesi kuliko hivyo. Alimmwagia maji kichwani, akamshika mshipa wa mkono, akatazama saa. Tukangoja. Mwishowe yule mtu akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, kisha akatazama alipolala.

"Mbona mmeniweka kwenye birika la ng'ombe?" akauliza.

Bwana Daktari alicheka mpaka miwani ikamwanguka majini.

Mwaka uliofuata Bwana Mjenzi alihamishwa kituo kingine, na karani akaniletea habari kwamba ameomba apewe "yule mwashi wa hodhi." Nilikwenda. Nikafanya naye kazi mpaka vita ilipokuja na Wadachi wakaondoka kuelekea magharibi, na hakuniitia askari tena. Alipotaka kujenga kitu kinachohusu maji aliniuliza kwanza, na mimi, kabla ya kumjibu, nilikwenda kumtafuta yule atakayeyabeba. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Waingereza nao walinipa kazi. Nilijenga matangi, visima, mabirika ya kunyweshea ng'ombe, hadi kule Kongwa. Mama Mchiwa aliishi akazeeka kwa watoto wake. Nilikuwa nikipita kumwamkia, na Zuhura akimpelekea asali ya kwetu Kondoa. Alikufa usingizini, shingo imenyooka vile vile, na kaburi lake nililijenga mimi. Sikumpangia mtu mwingine kazi ile.

Wajukuu wananiuliza kama nasikitika kuacha kazi. Sisikitiki. Mtu anayejenga vitu vya kushika maji hana raha kamili. Kila kilichojazwa mahali fulani kinamwita. Kwa miaka mingi mvua ikianza nilikuwa naamka usiku, nahesabu: lile tangi la stesheni, lile birika, ule mfereji. Zuhura alikuwa akinikuta nimesimama dirishani naye hakuuliza, alijua niko wapi.

Sasa mikono imekataa mwiko, na vitu vile vina mafundi wengine wa kuviangalia, vijana wenye vyeti na mapimamaji yao wenyewe. Mvua ikinyesha juu ya paa langu, siku hizi nasikia mvua tu.